Kanzu ya Mwalimu na Sahani ya Siku ya Nane

Kitabu kile nilikipata kwa mama muuza karanga wa Biryogo, akiwa ameshakimaliza nusu. Alikuwa akichana karatasi moja moja, anaisokota, anatia karanga, anakunja ncha. Karatasi aliyonipa mimi ilikuwa na maneno ya Kifaransa, na moja nililijua: mtoto. Nikala karanga huku nasoma, nikarudi.

"Mama, hicho kilichobaki nipe mimi."

"Chukua. Lakini niletee magazeti, siwezi kuwatilia watu karanga mkononi."

Nikampelekea magazeti ya Baba bila kumwuliza Baba.

Kilikuwa kitabu cha kufundishia walimu. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo hazikuwepo. Mimi mwenyewe nimesoma darasa sita tu; nafasi za sekondari zilikuwa chache na jina langu halikuwemo. Kifaransa nilijifundisha kwenye karatasi za vipimo vya magauni zilizokuja na vitambaa, nikiwa na kamusi ndogo iliyopotewa na herufi za mwisho. Nilisoma kwa kidole. Mlango ulionihusu ulizungumzia watoto wanaomshinda mwalimu: wasioketi, wanaopiga, wanaouma, wanaolia kwa kitu ambacho hakuna mwingine anayekiona. Kitabu kilisema usianze kwa kuuliza mtoto ana nini. Andika mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Andika unachokiona kwa macho, si unachokifikiria. Chini kabisa ya ukurasa kilisema: mwalimu akishatambua, na afanye haya yafuatayo. Kisha nukta mbili.

Ukurasa uliofuata haukuwepo. Ulikuwa umekwenda na karanga.

Nilirudi kwa yule mama nikamwuliza kama anakumbuka wateja wa siku ile. Alinitazama kwa huruma. "Dada, watu wananunua karanga. Hawanunui maneno."

Ndivyo nilivyobaki najua jinsi ya kutambua, sijui la kufanya. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mdogo wangu, ambaye kwa ajili yake nilikitaka kitabu hicho, alikuwa na miaka saba. Kati yetu Mama alizaa wawili wengine, hawakukaa. Nalisema hili mapema kwa sababu bila hilo mtu anaweza kumdhania Mama vibaya.

Nyumba yetu ilikuwa Nyamirambo, kwenye mteremko, na mbele yake baraza yenye vyerehani viwili, cha Baba na changu. Babu yake Baba alifika nchi hii na wafanyabiashara wa kutoka pwani, akibeba majora ya nguo, akaoa hapa, hakurudi. Alituachia ushonaji wa kanzu, Kiswahili ambacho majirani wengine wanatucheka kwacho, na mambo mengine ambayo nitayafikia. Baba alishona kanzu. Mimi nilishona magauni na sare za shule, na kufumua. Nilifumua kuliko nilivyoshona. Pindo likipinda kwa upana wa uzi, nilifumua, hata kama mteja amekaa ananisubiri. Watu walinisifu kwa hilo. Sikuwaambia kwamba usiku sipati usingizi kwa ajili ya kola iliyokwisha kuondoka dukani.

Mdogo wangu hakuweza kuvaa nguo mishono ikiwa ndani. Alizigeuza. Gauni nililomshonea mwenyewe, lenye mishono niliyoificha mpaka Baba alilipitisha mkononi mara mbili akiitafuta, alilivaa nje-ndani na kukaa nalo barazani mbele ya wateja. Nikimgeuzia, alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Ndege ikipita chini kuelekea uwanja wa Kanombe, aliingia chini ya meza ya kukatia na kukaa huko mpaka apende mwenyewe kutoka. Ukimwita ale wakati anapanga vifungo kwa rangi, alivitupa vyote, kisha akatupa sahani, kisha akaanza kukupiga.

Chuoni ndiko kulikotuaibisha. Chuo cha Mwalimu, cha kusomea Kurani, kilikuwa chumba kimoja kando ya msikiti mdogo, watoto thelathini, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti yake, wote kwa pamoja. Mimi nilisoma humo, na kelele ile kwangu ni kama sauti ya mvua, nikiisikia nasinzia. Yeye aliziba masikio. Akiondolewa mikono masikioni alipiga kwa ubao wa kuandikia. Siku moja aliuma sikio la mwenzake mpaka damu. Wakamleta nyumbani wamemshika huku na huku, na nyuma yao kundi la watoto wanaimba kwa Kinyarwanda, "Musazi, musazi." Kichaa, kichaa. Baba hakuinua kichwa. Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka uzi ukamkatikia.

Mama alisema, "Huyu amechezewa." Maana yake jini.

Na mimi nilimpiga. Nilimpiga kwa futi, ile ya mbao ya kupimia, zaidi ya mara moja. Niliona haya kwa ajili yake, na sikuona haya kwa ajili ya kumpiga. Nilitaka awe sawa. Nikimtazama nilihisi kile kile ninachohisi nikiona mshono uliopinda: nimfumue mpaka mwanzo nimshone upya.

Kwa hiyo nilipopata kitabu nilinunua daftari, nikapiga mistari, nikagawa ukurasa sehemu tatu. Miezi ya kwanza haikusaidia kitu, kwa kosa langu. Ukurasa wenye mkwaruzo niliuchana na kuunakili upya kwa mwandiko mzuri, na katika kunakili nilisahau. Tena niliandika, "Alikuwa mkaidi." Niliandika neno hilo kila siku. Kitabu kilisema andika ulichokiona, nami nilidhani ukaidi nimeuona. Ilinichukua muda kugundua kwamba hakuna aliyewahi kuona ukaidi. Nilichokiona ni kwamba nilimwondolea kopo la vifungo bila kusema neno, akapiga kelele, nikamzaba kofi, Mama akatoka akilia, na yeye akarudi chini ya meza.

Nilipoanza kuandika hivyo, kurasa zilianza kufanana. Karibu kila mara kilichotangulia kilikuwa kimoja kati ya viwili: sauti nyingi zimelundikana, au jambo alilolizoea limebadilika bila yeye kuambiwa. Nilimwendea Baba na daftari.

"Baba, si jini. Ni mambo yakibadilika ghafla. Tukimwambia mapema anavumilia. Tazama hapa, siku ya soko nilimwambia tangu asubuhi."

Baba alisoma kwa heshima, maana aliheshimu kila kitu kilichoandikwa. "Mambo ya kila mtu hubadilika ghafla, mama," akasema. "Mimi pia yananibadilikia. Nimuume nani?"

Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wa karanga.

Mwalimu alikuja mwenyewe, mwezi mmoja kabla ya Maulidi. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza, alitaka kanzu mpya ya siku hiyo, yenye darizi kifuani kama zile alizoshona babu. La pili alilisema akiwa amesimama mikono imenyooka, Baba akimpima.

"Binti yenu nampenda. Ana kichwa. Aliyosikia mara moja hayasahau. Lakini wazazi wa yule wa sikio wamekuja kwangu, na wengine nyuma yao."

"Tunajua, Mwalimu," Baba akasema. "Tunakuomba radhi."

"Sikuja kwa radhi. Nitamwandikia kombe. Siku saba, asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani. Na siku hizo asije chuoni, apumzike."

Hayo ndiyo mambo mengine aliyotuachia babu. Mwalimu huandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, mistari inazunguka kutoka ukingoni kwenda katikati. Mnatia maji na tone la marashi, maandishi yanayeyuka, mgonjwa anakunywa. Kila alasiri Mama alikwenda kuchukua sahani, akaiweka juu ya kabati, na asubuhi kazi ya kumnywesha ilikuwa yangu.

Siku hiyo hiyo, Mwalimu alipoondoka, Baba alikunja karatasi ya vipimo akanipa. "Hii utashona wewe." Kanzu, tena ya Mwalimu, tena ya Maulidi. Hakuna mwanamke wa familia yetu aliyewahi kupewa kanzu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka moyo ukatulia.

Siku ya kwanza ya kombe mdogo wangu aliinuka kwenye mkeka mara mbili, nikamrudisha. Siku ya pili alitazama jinsi maandishi yanavyolegea, jinsi maji yanavyogeuka manjano kuanzia pembeni. Siku ya tatu nilipoamka nilimkuta ameshakaa mkekani, mikono juu ya magoti, akielekea kabatini. Siku ya tano ilipita bila hata kelele moja. Alivaa gauni mishono nje, nikamwacha. Alipanga vifungo. Mama alisimama mlangoni akimtazama, machozi yanamdondoka, hakuyafuta.

Nitasema kweli, kwa kuwa nimeanza. Sikufurahi. Miezi mitatu nilikuwa na daftari langu, na sahani imeshinda kwa siku tano. Kwenye daftari niliandika, kwa mwandiko mzuri: siku hizi hajaenda kwenye kelele za chuo, na kila asubuhi anapata kitu kile kile, mahali pale pale, saa ile ile. Nilikuwa nimeliona. Limeandikwa kwa mkono wangu. Sikumwonyesha mtu, kwa sababu nilingoja siku saba ziishe nione nani mkweli.

Siku ya nane alikaa mkekani.

Mama alikuwa anajifunga kanga kwenda sokoni. Akasema, "Anasubiri. Mpe hata maji matupu kwenye sahani yetu."

"Mwalimu ameagiza saba, Mama. Saba ni saba."

"Mtoto anajua hesabu?"

"Mimi najua."

Mama akaondoka. Baba alikuwa mjini kununua vifungo, na kutoka huko angepita msikitini kwa adhuhuri. Adhuhuri ilinikuta mezani na kanzu, na mdogo wangu bado mkekani. Nilikuwa nimeimaliza jana yake, imebaki kupigwa pasi ya mwisho, sehemu ya kifuani ambapo darizi inashuka kama utambi. Pasi yetu ni ya makaa, ya chuma, ya zamani, na ina tofali lake pembeni ya meza. Ukiiachia mkono, inakaa kwenye tofali. Baba alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kushika sindano.

"Sahani iko wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Zimekwisha. Zilikuwa saba."

"Sahani iko wapi?"

"Nimekwambia zimekwisha. Inuka uvae."

"Dada. Sahani iko wapi?"

Aliuliza kwa sauti ile ile, haipandi haishuki, mpaka nikahisi maneno yale yananigonga kwenye meno. Nilikuwa nimefika kwenye darizi. Nikasema, kwa sauti ambayo bado naisikia, "Kanywe maji mtungini kama watu wote."

Akainuka. Alichukua kopo la pini akalimwaga, akavuta jora la kitambaa likaanguka kwenye vumbi, akapiga ukelele mmoja mrefu, akatoka mbio kuelekea barabarani, ambako malori yanashuka mlima kwa kasi. Nikamkimbilia, miguu mitupu, tepu ya kupimia ikiruka shingoni. Nilimpata chini kabisa, kwenye bomba la maji, wanawake wenye madumu wakitutazama. Aliniuma kiganja. Nilimbeba kurudi juu, na mtoto wa miaka saba si mwepesi, na katikati ya njia alinyamaza akawa mzito zaidi.

Nilisikia harufu kabla ya kufika barazani.

Pasi ilikuwa imelala juu ya kanzu, kifuani, juu ya darizi. Si karibu na tofali, hata kidogo. Pale pale nilipokuwa nikipiga, ndipo nilipoiachia.

Baba alifika wakati uleule, vifungo mfukoni, kofia ya msikiti bado kichwani. Akainua pasi. Chini yake palikuwa na alama ya kahawia yenye umbo la pasi yenyewe, ncha yake imeelekea shingoni, na katikati meza ilionekana. Alinitazama. Kisha akatazama pini sakafuni, jora kwenye vumbi, na mtoto.

"Amefanya yeye?"

Nikasema, "Nilikuwa namkimbilia."

Ni kweli tupu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nimeigeuza sentensi hiyo miaka miwili sasa kama ninavyogeuza nguo kutafuta mshono, na kila nikiigeuza naona jinsi ilivyoshonwa vizuri.

Mama aliporudi hakutazama pini wala jora. Aliweka kikapu chini. "Kanzu ya Mwalimu," akasema polepole. "Na kifuani. Jini limemjibu."

Kufikia alasiri mtaa mzima ulikuwa unajua. Mwalimu ameandika kombe, jini limekaa kimya siku saba likimsikiliza, na siku ya nane limemchoma kifuani kwa nguo yake mwenyewe. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akishonewa mitandio kwetu, alikuja kuangalia tundu na kuingiza kidole. "Hili si jini la hapa," akasema. "La hapa lingechoma godoro. Hili limesoma." Watu wawili wakacheka, kisha wakaona si mahali pa kucheka.

Mwalimu naye alikuja. Aliishika ile kanzu muda mrefu. "Mimi mwisho wangu umefika hapa," akamwambia Baba. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kwa hiyo mtoto angepelekwa. Mjomba wake Mama aliishi ng'ambo ya mpaka, upande wa Kigoma, na alikuwa jirani na mganga. Lori la mtu tunayemjua lingeondoka Jumatatu, Baba angemfikisha na kumwacha huko mpaka apone. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa amepelekwa kwa mganga huyo huyo. Alikaa mwaka. Aliporudi alikuwa hasemi, na miguuni, juu ya vifundo, alikuwa na makovu mawili yanayong'aa yaliyozunguka kama mikanda, ya kufungwa. Watu walisema amepona, kwa sababu amenyamaza. Mama aliijua miguu hiyo kama nilivyoijua mimi. Lakini yeye alikuwa amezika wawili, na sasa katika nyumba yake kulikuwa na moto.

Zilibaki siku nne. Baba alikata kanzu nyingine, akaniwekea mezani. Nikashona. Sijawahi kushona vile. Sikufumua hata mara moja, mkono ulikwenda wenyewe, na kila mshono ulikuwa kama umechorwa. Nilichukia jinsi ulivyokuwa mzuri.

Mama alikuwa akimfundisha mdogo wangu kuomba radhi, ili asiondoke na deni la Mwalimu moyoni.

"Sema: Mwalimu, nisamehe, nilichoma kanzu yako."

"Sikuchoma."

"Nani basi? Pasi ina miguu?"

Alinitazama mimi. Si kwa kunishitaki; alikuwa anatafuta jibu, kama anavyotafuta kifungo kinacholingana na kingine. Mimi nikapinda shingo kwenye cherehani. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu alikuwa anawaambia wateja mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. "Mimi nilichoma kanzu ya Mwalimu. Niliinua pasi kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito. Nikaiweka pale." Alikuwa amejaza palipokuwa wazi. Hakuna aliyejiuliza mtoto yule ameinuaje pasi iliyojaa makaa, ambayo mimi mwenyewe hubadilisha mkono.

Ningependa kuandika kwamba niliungama kwa sababu ya miguu ya yule binti. Nimejaribu kuiandika sehemu hii hivyo, mara nne. Lakini ilikuwa ni yale maneno "kwa mikono miwili". Alikuwa ameifanya kazi ya uongo wangu vizuri kuliko mimi.

Jumapili, baada ya alasiri, Mwalimu alikuja kujaribisha kanzu ya pili. Alisimama barazani juu ya kigoda, Baba amepiga magoti akimwekea pini za pindo, pini nyingine mdomoni. Ndani Mama alikuwa anafunga bunda la nguo za safari. Mdogo wangu alikaa kizingitini na kopo lake.

Nikasema, "Mwalimu, ile ya kwanza niliiunguza mimi."

Baba aliendelea na pindo.

"Pasi niliiacha juu ya nguo. Sikuiweka kwenye tofali. Yeye alikuwa ameshatoka, nami nikatoka."

Baba alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye mkono wa shati lake. Zilipokwisha akasema, "Ulisema ulikuwa unamkimbilia."

"Nilikuwa namkimbilia."

"Ndiyo. Ndivyo ulivyosema."

Mama alikuwa ameshatokea mlangoni, kamba ya bunda mkononi. "Anamkingia mdogo wake," akamwambia Mwalimu. "Msimsikilize. Mtoto mwenyewe amekiri, mtaa mzima umemsikia."

"Aiinue pasi basi," nikasema. "Iko pale, imejaa makaa. Aiinue."

Hilo nalo nalijutia, maana nilifanya mbele ya watu. Mdogo wangu aliinuka mara moja bila kuitwa. Alikwenda mezani, akashika mpini kwa mikono miwili, akakaza meno. Pasi iliinuka kiasi cha unene wa kitabu, ikaanguka. Akajaribu tena. Ikaanguka, majivu yakaruka. Akaanza kulia.

"Siku ile niliweza," akasema. "Siku ile niliweza, Mama."

Mwalimu alishuka kutoka kwenye kigoda akiwa na kanzu yenye pini, akaja mezani akasogeza pasi mbali naye, kisha akanigeukia.

"Siku ya nane mlimpa nini?"

"Hatukumpa kitu. Zilikuwa saba."

"Alitaka?"

Nikaleta daftari. Nilimsomea siku zile nane, na kabla yake siku za chuoni, kila kilichotangulia. Sauti ilinitetemeka kwa sababu ukurasa mmoja ulikuwa na mkwaruzo. Mwalimu alisikiliza kama anavyosikiliza mtoto anayesoma juzuu, kichwa upande, akingoja kosa.

"Ungeniambia," akasema nilipomaliza. "Mimi naandika saba kwa sababu mwalimu wangu aliandika saba. Ningeandika ya nane. Ningeandika ya mia."

"Nilidhani ukiagiza saba..."

"Wewe ni mshonaji. Mteja akinenepa, unamshonea kipimo cha mwaka jana?"

Sikujua nicheke au nilie. Baba hakufanya hata kimoja. Alirudi kwenye pindo.

Lori liliondoka Jumatatu bila wao. Tangu wiki ile mdogo wangu huenda chuoni wengine wakishatoka, Mwalimu na yeye peke yao, sauti moja. Ameshapita wenzake, ingawa hakuna anayemsifu kwa hilo. Kila asubuhi nampa maji kwenye sahani nyeupe. Hayana maandishi, naye anajua hayana. Mama husoma Alhamdu juu yake, na sasa hatubishani ni kipi kinachofanya kazi. Tunamwambia leo kuna nini na kesho kuna nini. Zipo siku zinazopita vizuri. Mwezi uliopita alimpasua mtoto wa jirani mdomo kwa jiwe, na ndani ya daftari sijapata kilichotangulia, ingawa nimetafuta mpaka macho yakauma. Mama hajawahi kusema safari imefutwa. Amesema imeahirishwa. Lile bunda liko juu ya kabati, halijafunguliwa, na nguo zilizomo zimeshakuwa ndogo kwake.

Baba hakunikemea. Alinirudisha kwenye matundu ya vifungo na sare za shule, mwaka mzima. Kanzu hajanipa tena. Siulizi.

Nimemwambia mdogo wangu mara nyingi kwamba ni mimi. Nimemwambia asubuhi akiwa ametulia, kama tunavyomwambia mambo mengine, kwa maneno machache, bila kumgusa. Ananisikiliza mpaka mwisho. Kisha ananieleza alivyoiinua.

Sasa ana miaka tisa na mikono yake ina nguvu. Jana mteja aliniita mlangoni kunionyesha kitambaa, nikaiachia pasi kwenye tofali, vizuri, niliangalia mara mbili. Nilipogeuka nilimwona ametoka chini ya meza. Ameshika mpini kwa mikono miwili, ameinua pasi yote na makaa yake, amebana pumzi, na anaisogeza katikati kabisa ya tofali, mbali na nguo. Akarudi chini ya meza. Hufanya hivyo kila nikiondoka, na sijamkataza, kwa sababu sijui nitaandika nini kwenye sehemu ya tatu, ile ya kilichofuata.